Dada Akae Pembeni

Tansen, 20 Agosti 1997

Mpwa wangu Keshari,

Salamu nyingi kutoka huku kilimani, ambako mvua haijatupa nafasi hata ya kukausha soksi. Najua ukiona mwandiko wangu unatafuta kwanza habari za mama yako, kwa hiyo nakupa mapema usome mengine kwa utulivu. Dada yangu yupo, ameketi kwenye mtambo wake wa kufuma, na jana aliniambia mbele ya watu kwamba nimeota tumbo la tajiri bila kupitia kwenye utajiri.

Sasa habari kubwa. Nimepata lenzi. Usicheke. Yule mhandisi Mjapani aliyejenga daraja bondeni amerudi kwao, akaniachia lenzi yake kuukuu iwe ukumbusho. Ina miaka zaidi ya ishirini, nzito kama jagi la shaba lililojaa maji, rangi imebabuka, na ndani ya kioo kuna kuvu kidogo mfano wa unyoya wa kifaranga. Lakini inatazama, mpwa wangu! Ukizungusha pete yake upande huu, inaona kama mtu mwenye adabu. Ukizungusha upande wa pili, inakodoa macho na kumeza chumba kizima, watu, dari na paka. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikirudi nyuma ili watu waenee kwenye picha, na mara mbili nimeangukia mtaroni. Basi, mtaro umenikosa.

Nikaenda nayo kupiga picha ya shule. Mwalimu mkuu Dhundiraj akang'ang'ania kusimama mwisho wa safu kama kamanda. Kumbe lenzi hii ina tabia yake: walio katikati inawaacha walivyo, walio pembeni inawavuta upande kama unga wa chapati. Mwalimu mkuu, unayemjua alivyo mwembamba kama fimbo yake, akatoka na mashavu ya mfanyabiashara wa samli. Akaja studio na picha mkononi.

"Tirtha, huyu nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Huyu amekula wanafunzi wangu!"

Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, akasema, "Mwache Tirtha. Ndiyo mara ya kwanza watu wataona kwamba nakupikia."

Mama yako alipopata kisa hiki alicheka mpaka akashika tumbo, akakaa chini. Alikaa hapo kitambo. Alisema ni kicheko.

Soma kwa bidii. Mwezi wa sita mwakani tunataka daktari.

Mjomba wako,
Tirtha Ratna


Tashkent, 24 Septemba 1997

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti bwenini, nikawatafsiria wenzangu, na sasa wasichana wanne wa nchi nne wanamjua Mwalimu mkuu Dhundiraj. Nimewaambia pia kwamba mpiga picha ni mjomba wangu wa damu, kosa ambalo si langu.

Lakini nina jambo, na naomba unijibu kama mtu mzima, si kama mchekeshaji. Mtoto wa akina Dhakhwa alipita hapa akielekea Moscow. Alisema alimwona mama sokoni akamkuta amekonda sana. Na barua ya mama ya mwisho mistari inapanda na kushuka. Nilimwomba aje kwenye simu ya posta, akakujibu wewe kwamba hazungumzi na chuma.

Mjomba, mambo ni haya. Nikiondoka kabla ya mtihani wa serikali mwezi wa sita, nafasi yangu inakwenda kwa mwingine. Ruhusa hawatoi, na aliyeondoka harudi. Miaka sita inakuwa bure. Lakini kama mama anaumwa, nakuja. Nimeshauliza habari za ndege.

Nitumie picha yake. Isiwe ya zamani. Mpige siku ya sikukuu ya madada, wakati atakapokupaka tika ya baraka kwenye paji la uso. Mimi ni nusu na robo ya daktari. Nikiuona uso nitajua la kufanya.

Mpwa wako,
Keshari


Tansen, 2 Novemba 1997
(Barua hii haikutumwa.)

Keshari, mwanangu,

Mama yako anaumwa. Ni tumbo. Hospitali wameona uvimbe, na daktari akaniita nje, akaongea nami huku akitazama viatu vyake. Alisema labda mwisho wa baridi. Labda.

Leo ilikuwa siku ya madada kuwabariki kaka zao. Niliketi sakafuni kama kila mwaka, naye akamwaga mafuta duara kunizunguka, ili Kifo kisipate njia ya kunifikia. Duara likabaki na pengo upande wa mlango. Aliliona. Akarudi kwa magoti, akaliziba, akanivika shada la maua, akapasua tunda gumu la jozi kizingitini kwa jiwe, mara tatu ndipo ikapasuka. Nilikuwa nimekaa pale kama gunia, nimezungukwa na ulinzi wote huo, nikiwaza: na yeye nani amemzungushia? Hatuna sikukuu ya hivyo kwa madada.

Baadaye nikafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Akaniambia, "Tirtha, ile lenzi ya mwalimu mkuu ipo?"

"Ipo."

"Basi ifunge hiyo. Mimi niweke pembeni."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. "Dada, mtoto huyo ni daktari."

"Mwezi wa sita ndiyo atakuwa daktari. Sasa hivi ni mtoto wangu, na mtoto wangu akiuona uso huu anapanda ndege."

"Ana haki ya kupanda."

"Aje afanye nini? Anikalie kitandani miezi mitatu, halafu akae miaka arobaini akiuza vitambaa sokoni? Zungusha hiyo pete, mdogo wangu. Zungusha mpaka mwisho. Tangu utoto hujawahi kunitengenezea kitu cha maana, hiki kifanye."

Nikawapanga: mke wangu Hira, binti yangu Prema, bibi jirani, na mama yako mwisho kabisa wa safu. Nikazungusha mpaka mwisho. Ndani ya kioo uso wake ukajaa taratibu, kama puto la mtoto. Kule pembeni lenzi pia ina ukungu kidogo, hivyo hata mikunjo ikafutika. Alikuwa dada yangu wa miaka kumi iliyopita. Nilibonyeza haraka, nisije nikaanza kuamini.

Sasa nimekuandikia haya. Njoo, Keshari.

Tirtha Ratna


Tansen, 3 Novemba 1997

Mpwa wangu Keshari,

Sikukuu imepita salama. Nimepakwa tika, nimevikwa shada, nimekula hadi Hira akaficha sinia. Picha uliyoomba hii hapa. Mama yako ndiye wa mwisho kulia, amenyoosha mkono katikati kushika sinia la maua.

Yule kijana wa Dhakhwa anavaa miwani, na siku ile alikuwa ameiacha nyumbani.

Soma.

Mjomba wako,
Tirtha Ratna


Tashkent, 8 Desemba 1997

Mjomba, shikamoo, na mbariki aliyeivumbua kamera!

Mashavu ya mama! Nimeiweka picha juu ya kitanda, na kila anayeingia namwambia, "Huyo wa kulia, mwenye afya." Mmoja ameuliza kama ni wewe. Nilikuwa nimekwishafunga sanduku, Mjomba. Lilikaa mlangoni wiki mbili, na mabuti yangu juu yake. Usiku wa barua yako nililifungua, nikatoa koti, nikaenda maktaba.

Kuna kitu kimoja tu. Mkono ule unaoshika sinia ni mwembamba, kama wa mwanamke mwingine. Nadhani ni kufuma. Mwambie apumzike, na umpe chukauni, mtindi uwe mwingi kuliko viazi.

Theluji imefika hadi dirishani. Nalala vizuri tangu barua yako.

Mpwa wako,
Keshari


Tansen, 1 Februari 1998

Mpwa wangu Keshari,

Bonde lote limefunikwa na ukungu. Asubuhi ukisimama juu kilimani unaona ziwa jeupe mahali pasipo na ziwa, na watu wanatoka mbali kuja kulitazama. Mimi huwapiga picha wakiwa wameligeuzia mgongo. Ikifika saa tano jua linapanda, ziwa linakwisha, na kule chini ni mashamba yale yale.

Mama yako amefurahi kusikia kwamba unalala. Haandiki kwa sababu mkono unachoka na kazi. Anafuma shali moja ndefu na hasemi ni ya nani. Picha yake nyingine hii. Mtambo umekaa katikati kwa sababu ni mzuri kutazama, na yeye yuko pembeni. Bega limekatwa kidogo na ukingo wa picha. Nisamehe, nafasi iliniishia.

Kuvu ndani ya lenzi imeongezeka. Mwanzo ilikuwa unyoya, sasa ni bawa. Lenzi za zamani haziwezi kukaa gizani, zinataka jua, na mimi nimekuwa nikiifungia kabatini kila nikimaliza, sijui kwa nini.

Mwalimu mkuu anakusalimu. Anakusalimu sana. Bado hajanisamehe ile picha ya shule. Unaikumbuka?

Mjomba wako,
Tirtha Ratna


Tashkent, 10 Machi 1998

Mjomba, shikamoo.

Samahani nimechelewa kujibu. Tunakesha na vitabu. Mitihani ni tarehe kumi na mbili Juni, mitatu kwa mpigo.

Picha nimepata. Mama anapendeza. Mbona kila picha mnamweka pembeni, kama mgeni aliyefika bila kualikwa? Usijibu hilo, natania tu.

Msalimie Mwalimu mkuu pia.

Mwambie mama miezi mitatu tu. Asimalize shali kabla sijafika. Nataka kumwona akiimalizia.

Keshari


Tashkent, 20 Juni 1998

Mjomba! Shikamoo!

Mimi ni Daktari Keshari Bajracharya. Andika hivyo hivyo kwenye bahasha, na tarishi aisome kwa sauti sokoni. Mitihani yote mitatu!

Vyeti vinatoka mwisho wa Julai, kisha nakuja. Barua zako za Aprili na Mei zilikuwa fupi kama telegramu: "Sote wazima, soma." Hata mzaha mmoja? Mama ana nini hataki hata kuweka sahihi yake chini? Mpe habari hii wewe mwenyewe. Mpe akiwa ameketi, kisha uniandikie uso wake ulivyokuwa. Neno kwa neno, Mjomba.

Dkt. Keshari (nimependa kuiandika)


Tansen, 19 Julai 1998

Mpwa wangu Keshari,

Keti kwanza. Kama umesimama, keti.

Mama yako alifariki tarehe ishirini na sita Machi, asubuhi, mtambo wa jirani ukigonga. Hira alikuwa amemshika kichwa, mimi miguu. Tulimpeleka Ridi, mahali mito miwili inapokutana, na kwa kuwa hana mtoto wa kiume niliuwasha moto wa mazishi mimi. Nikanyoa kichwa. Navaa nyeupe mpaka leo.

Alisema, "Usimwambie mpaka aitwe daktari." Nikatii. Nikawatisha wote wanaojua anwani yako. Barua nilizokuandikia Aprili na Mei niliziandika nikiwa na kichwa kisicho na nywele, na kila nilipofika kwenye neno "sote" kalamu ilikuwa inasimama.

Nakuwekea barua ya tarehe mbili Novemba. Nimeitunza kwenye sanduku la filamu. Isome, utaona nilijua nini na lini. Sitajitetea. Nitasema tu kwamba kila picha iliyofuata ilibidi nimsogeze zaidi pembeni, kwa kuwa yeye alikuwa anapungua na lenzi ilikuwa haiongezeki. Ile ya mtambo, bega lilikatwa kwa sababu ukingo uliisha. Baada ya hapo hakukuwa na mahali pa kumweka.

Nilikuandikia salamu za mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hajui hata kama upo huko. Nilitumaini utakumbuka kisa chake, uelewe bila mimi kuvunja neno langu. Ujasiri wangu wote ulikuwa huo, Keshari: salamu.

Kuna jambo moja limebaki. Ukutani tunatundika picha ya marehemu na kuivika shada, na mimi, mpiga picha pekee wa familia, sina ya kutundika. Nimejaribu kuukuza uso wake kutoka zile picha. Ni mwanamke mnene nisiyemjua. Nikainamisha karatasi chini ya mashine ya kukuzia picha ili nimrudishe wembamba, akatoka mwembamba, lakini si yeye.

Ipo moja. Siku sita kabla, alisema, "Sasa nipige mimi." Nikazungusha pete hadi upande wenye adabu, nikamweka katikati, kwenye mtambo wake, ncha ya shali mapajani. Nimeisafisha filamu lakini sijachapa picha. Ni yako. Niambie kama unaitaka.

Tirtha Ratna


Tashkent, 25 Agosti 1998

Mjomba,

Barua yako ilikaa siku tisa kabla sijaweza kushika kalamu.

Uliniuliza kama nilikumbuka. Nilikumbuka.

Mwezi wa tatu, picha ya mtambo mkononi, niliona "Mwalimu mkuu anakusalimu sana", nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nikaitafuta barua yako ya Agosti chini ya godoro, nikaisoma tena: walio katikati inawaacha walivyo, walio pembeni inawavuta. Nikautazama mkono wenye sinia. Nilijua, Mjomba. Kwa muda wa nusu saa nilijua kila kitu, hata ugonjwa wenyewe ningeweza kuutaja. Mama alikuwa bado hai wakati huo.

Halafu nikaitia picha katikati ya kitabu, nikakifunga, nikaendelea na sura ya saba. Yale mashavu yalikuwa yamenipa ruhusa na sikutaka kuirudisha. Kesho yake nikakuandikia kwamba natania.

Kwa hiyo wewe ulinidanganya kwa kuombwa na mtu anayekufa. Mimi nilijidanganya kwa sababu ya mtihani. Nina hasira nawe hadi meno yananiuma, na kila nikitaka kukuandikia tusi nakuta na mimi nimo ndani yake.

Vyeti nimechukua. Siji. Nimepata kazi katika hospitali ya hapa. Picha ya katikati usinitumie.

Keshari


Tansen, 22 Oktoba 1998

Mpwa wangu Keshari,

Hujaniandikia tena, na sikudai. Nakuletea habari tu, kama gazeti la jana.

Jana ilikuwa siku ya madada. Aliyefiwa hapakwi tika mwaka ule, na hata ningepakwa, ni na nani? Niliketi mahali pangu pa kila mwaka kwa mazoea, bila duara la mafuta. Prema akauliza, "Baba, umekaa hapo unasubiri nini?" Nikamwambia nasubiri miguu iamke.

Kisha nikaichukua ile lenzi, nikaiweka kizingitini mahali pa jozi, nikanyanyua jiwe. Nilikusudia kweli. Jiwe likateleza kwenye chuma, likatua kwenye kidole changu kikubwa cha mguu, ambacho sasa kina rangi ya bilinganya. Lenzi haina hata mkwaruzo mpya. Hira alitoka jikoni, akatazama kidole, akatazama lenzi, akasema, "Hata kuharibu hujui?" Akanifunga kitambaa. Akalia kidogo akifunga.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nikaifunga lenzi kwenye kamera, nikawapanga pale pale pa mwaka jana: Hira, Prema, bibi jirani. Nikazungusha pete hadi mwisho. Bibi akataka kusogea kuziba nafasi ya mwisho kulia. Nikamwambia, "Bibi, kaa hapo hapo."

Picha hii hapa. Sikujua ingetoka hivi mpaka ilipoanza kujitokeza ndani ya maji ya dawa. Watu watatu wamesimama, wamebanana, wadogo. Na pale pembeni pasipo na mtu, ukuta umevutwa, umetanuka, matofali mapana kama magodoro. Hakuna kitu kikubwa kwenye picha nzima kuliko ile nafasi.

Shali iko kwenye mtambo. Imebaki shubiri mbili. Hakuna aliyeigusa.

Mjomba wako,
Tirtha Ratna


Tashkent, 20 Novemba 1998

Mjomba, shikamoo.

Sijakusamehe. Sijajisamehe na mimi, kwa hiyo usijione wa pekee.

Ile picha nimekaa nayo. Nimeacha kazi. Nafika Tansen tarehe kumi na mbili Desemba kwa basi la mchana. Chapa picha ya mama ya katikati, lakini usiitundike mpaka niwepo. Nataka kuiona kwanza ndani ya maji, ikijitokeza.

Kitu kimoja, nikwambie mapema usije ukashtuka stendi. Nimekonda sana.

Usinipange pembeni.

Keshari